Kitanda cha Saba

Saa nane usiku, wodi ya wanaume, Kitete,
Mwalimu Lutonja anaamka kufundisha.
Anagonga chuma cha kitanda kwa kijiko:
"Joji wa Tatu! Nani atanitajia miaka?"
Wa kitanda cha sita, dereva wa lori la tumbaku,
anajifunika shuka hadi utosini.
Mimi najibu toka mezani, kalamu mkononi,
kama nilivyojibu nikiwa kidato cha pili, Isevya:
"Elfu moja mia saba sitini, Mwalimu,
hadi elfu moja mia nane ishirini."
"Keti," ananiambia. Nami nimekaa tayari.

Hakuwa akishika kitabu. Joji alimtoa kichwani
kama mrina atoavyo asali mzingani:
mfalme aliyependa kondoo na samadi
hata wakamwita Mkulima, wakimcheka;
baba wa watoto kumi na watano;
aliyepoteza makoloni kumi na matatu ng'ambo ya bahari
kwa ajili ya kodi, na chai, na shingo ngumu.
"Ng'ang'ania sana," alisema, akifuta ubao kwa kiwiko,
"siku ukifumbua kiganja utakuta alama za kucha zako."
Tukaandika. Tulidhani litatoka kwenye mtihani.

Siku moja alisimama dirishani
akatuonyesha upande wa Kwihara.
"Sheria ya kukomesha biashara ya watumwa
ilipita London mwaka wa elfu moja mia nane na saba,
yeye akiwa kitini.
Haya, wajukuu wa wapagazi, niambieni:
habari hiyo ilifika hapa lini?"
Kimya. Nje mtu alikuwa akipigilia bati.
"Pembe ziliendelea kupita, na shingo chini ya pembe,
miaka sabini, themanini.
Sheria ya mfalme haina miguu.
Hapa miguu ilikuwa yetu."

Somo la Joji hakulimaliza.
Kengele ililia alipofika kwenye ugonjwa:
maneno yakimtoka mfalme
kama mtama kwenye gunia lililotoboka,
macho yakazima, masikio yakafuata,
mwanawe akashika madaraka naye yu hai,
malkia akafa, akazikwa,
na yeye, na ndevu zake nyeupe, hana habari.
"Itaendelea," Mwalimu alituambia.
Wiki ile akahamishiwa Urambo.

Sasa inaendelea.
Macho yake yana utando kama maziwa yaliyolala.
Shamba la Cheyo wanawe wamelipima kwa kamba,
mti wa mpaka wameukata kwanza, kisha wakagombana.
Na Mama Nyanzobe,
aliyekuja kila Jumatano na matobolwa kwenye kikopo cha Kimbo,
akayalowanisha chai, akamlisha moja moja,
tumemzika Jumamosi. Udongo wa kule ni mchanga,
kaburi liliporomoka mara mbili.
Wanawe wakanivuta kando: Sista, usimwambie.

"Nyanzobe yu wapi?"
"Treni imechelewa, Mwalimu."
Katika mji huu huo si uongo mkubwa.
Anatikisa kichwa. Kijiko kimetulia.
Kwa mbali, stesheni, behewa linagongana na behewa.

"Hawakumwambia mfalme," anasema taratibu,
sauti ileile ya kutusomea imla.
"Kwa nini? Mkono juu."
Nafikiria huruma. Nafikiria woga.
Nafikiria jinsi ilivyo rahisi kumtunza mtu
ukishamwondoa kwenye habari zake mwenyewe.
"Sijui, Mwalimu."
"Hujui. Ulikuwa unajua kila kitu, wewe."

Ananinyooshea kijiko gizani,
mpini mbele, kama zamani alivyotupa chaki.
"Njoo ubaoni. Andika tarehe."
Nimesimama. Ukuta ni mweupe, una nyufa.
"Tarehe ipi, Mwalimu?"

"Ile mliyonificha."