Namba ya Tano

Karatasi imebandikwa kwa uji wa ugali
ukutani mwa kambi, hapa Usinge, juu ya ndoo ya maji:
Kifaa kikipotea, toa taarifa kwa mpangilio huu.
Moja, msimamizi. Mbili, Tume, Arusha.
Tatu, polisi. Nne, mganga wa wilaya.
Tano, wananchi, endapo italazimu.

Niliisoma kila asubuhi nikipiga mswaki,
kama mtu asomavyo kalenda ya mwaka jana.

Saa kumi na nusu pikapu ilirudi mkia wazi,
kamba ikiburura vumbi la barabara tunayoishindilia,
na Mihambo, dereva, mikono kichwani:
"Nyamizi, sanduku la njano halipo."

Sanduku la njano. Ndani yake kipimo
cha kuuliza udongo kama umeshiba,
na ndani ya kipimo, punje
ndogo kuliko ya mtama,
haizimi, hailali, hainuki,
inapita kwenye nyama kama jua kwenye kanga.

Nilipanda kichuguu, maana mtandao unakaa huko.
Moja: simu inaita, inaita, inakatika.
Mbili: salio lako halitoshi.
Nikacheka peke yangu juu ya mchwa.
Mihambo akanihamishia mia tano, vidole vikitetemeka,
akakosea tarakimu. Kuna mtu Nzega, au Sikonge,
kapata mia tano yetu. Mungu ambariki.

Mara ya pili Arusha ikaitika,
sauti ya mwanamke, tulivu, kama anapima unga:
Aina ya chanzo? Namba yake? Kufuli lilikuwepo?
Nani mwingine anajua?
Nikatazama chini. Njia ya ng'ombe. Moshi wa mabani ya tumbaku.
Watoto na mizigo ya kuni.
"Hakuna," nikasema,
na neno likanikwama kama mwiba wa samaki.

Ukiwa juu ya kichuguu
tano iko mbali sana na moja.

Sikungoja tatu.
Nikakimbia shuleni, nikaokota nondo,
nikaipiga ile rimu ya lori iliyoning'inizwa.
Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo: wakaja,
warina asali wananuka moshi,
wanawake weusi wa tumbaku hadi viwikoni,
mwenyekiti Lutambi akifunga vifungo vya shati.

Nikafungua mdomo, lugha ikaniishia.
Mionzi? Mionzi ni ya jua, inaanika mihogo.
Nikasema: kuna sanduku. Msilifungue. Msilikaribie.
Lina kitu kinachounguza bila moto,
na aliyeungua hajijui mpaka siku zipite.
"Ni uchawi?" akauliza kijana mmoja.
"Hapana. Uchawi una mwenyewe."
"Na hiki pia kina mwenyewe,"
akasema, akiitazama kofia yangu ya kampuni.

Ndipo Kabula, wa bani la tatu, polepole:
"La njano? Lenye kufuli?
Mwanangu aliliokota, akasema litafaa kuwa mzinga.
Nimelikalia tangu adhuhuri, nafunga majani."

Hakuna aliyemwambia neno.
Watu walirudi nyuma hatua moja, wote pamoja,
yeye akabaki katikati na kanga yake.
Nikaenda nikasimama naye,
si kwa ushujaa; miguu tu ilishafika.

Kufuli zima. Sanduku halijapasuka.
Kidude changu kikalia kidogo, kama nyenje mmoja.
"Kinasemaje?"
"Kinasema ni kidogo, mama."
"Kidogo cha nani?"

Usiku, kwa taa ya sola, najaza fomu.
Muda wananchi walipoarifiwa: saa kumi na moja na dakika ishirini.
Sababu ya kukiuka mpangilio:
wameacha mistari miwili.
Wa kwanza nimeandika jina lake, Kabula.
Wa pili bado naushikia kalamu,
na kule nje, mtu anaijaribu ile rimu,
kwa upole, mara moja,
kujua kama bado inalia.