Kisu cha Kukunja

Nilikinunua Majengo, kwa kijana wa vitasa na betri,
baada ya kupita mezani pake mara tatu
nikijifanya natafuta kufuli.
Mpini ni pembe ya ng'ombe, rangi ya maziwa yaliyoungua,
na pete ya shaba shingoni.
Ukikitazama utaapa kimetoka kiunoni mwa mtu wa Mvumi
aliyeswaga ng'ombe kwa miguu hadi mnadani.
Lakini ubavuni kina skrubu tatu za nyota,
na ulimi wake haujui kutu.
Kizee cha mwaka mmoja.
Nilikipenda pamoja na uongo wake.

Cha baba kilikuwa kizee kweli.
Mhunzi alikifua kutoka springi ya lori,
ala yake ya ngozi ikinuka mafuta na mbuzi wa miaka yote.
Siku ya kuanua matanga waligawa:
redio, koti, ng'ombe wanne, kisu.
Kisu akapewa Chilongani.
"Nyemo, wewe utachukua mtungi," alisema baba mdogo,
wala hakusema kwa ubaya;
alisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi.

Changu hukaa mfuko wa kulia wa suruali ya kazi.
Asubuhi nakipapasa kwanza,
kabla ya funguo, kabla ya simu.
Mimi ni bibi shamba, Hombolo; mashamba yangu ni ya zabibu.
Napogoa. Nachonga kikonyo cha kubebesha,
mkato mmoja wa mshazari, usio na wasiwasi.
Mchana nakata chungwa, kamba ya gunia,
lebo inayomkwaruza shingo mtoto wa mtu,
na mara moja, kwenye mahafali ya Chekechea,
nilikata keki ya ghorofa mbili
kwa sababu mshereheshaji alikumbuka kila kitu isipokuwa kisu.

"Mama mzima na kisu mfukoni! Unamwogopa nani?"
Simwogopi mtu.
Naogopa fundo.

Stesheni ya treni ya umeme, mashine ilikiona kabla ya mlinzi.
"Mama, hiki hakisafiri."
Zilibaki dakika kumi na moja.
Nikakimbia nje, nikamwachia mwuza ubuyu
ambaye hata jina lake sikuwa nalijua.
Siku tatu Dar es Salaam mkono wangu ulishuka mfukoni
ukakuta sarafu, ukaona haya.
Niliporudi alikuwa akikatia mifuko,
makali mekundu kwa rangi na sukari.
"Kinakata," akasema, akikilamba ubapa.
"Ila kinajifanya mzee."

Desemba tulichinja nyumbani.
Cha baba kimenolewa hadi kimekonda kama mwezi wa siku mbili,
mpini unacheza kama jino la mtoto.
Mbuzi ananing'inia mguu mmoja, nzi wameshafika,
Chilongani anafuta jasho.
"Nyemo. Unacho kile kidude chako?"
Nikampa kikiwa kimekunjwa, kama inavyopasa.
Akavuta kwa kucha. Akavuta kwa meno.
Akakigeuza, akakitikisa sikioni.
Baba mdogo akapata jambo la kutazama huko kwenye mawingu
yasiyokuwepo.
"Hapa. Gumba. Usilazimishe."
Tak!
Na ngozi ikaachana na nyama
kama watu wawili waliokuwa wakitafuta sababu.

Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, husema watu.
Mimi nililetewa bakuli lile lile la wanawake:
shingo, utumbo, na mchuzi wa kutosha.
Nikala. Ulikuwa mtamu, nisiseme uongo.

Alikirudisha magharibi, wazi, makali yakinielekea.
Nikakiosha kwa majivu, nikakikunja.
Shaba ya shingoni imepata mkwaruzo
ambao kiwanda hakikuupanga.
Na harufu ya mbuzi imeingia kwenye skrubu.
Naijua ilipo.
Siisugui.