Kitufe

Daktari wa Bombo alinimulika kooni,
akasema: vinundu viwili, kama punje za ulezi,
na wiki sita usiseme hata na paka.
Miaka kumi na tisa ya chaki na kupaza
mbele ya watoto mia na kumi na wawili,
mvua ikishindana nami juu ya bati,
ikaishia kwenye karatasi yenye mhuri.

Sauti iliyobaki ilikuwa simuni.

Mwaka jana, nusu utani,
nilianza kujifungia kabatini, nyumbani Mikanjuni,
kati ya kanga na mabuibui.
Nguo hunywa mwangwi, aliniambia Mbaruku fundi redio.
Nikarekodi mzunguko wa damu,
dakika kumi na moja, jogoo wa jirani akiwamo.
Likafuata somo la figo. Likafuata la jicho.
Kila Ijumaa baada ya laasiri
somo jipya liliingia lenyewe kwenye simu za wazazi,
na asiye na bando alingoja memori kadi
iliyozunguka darasani ndani ya kiberiti.

Darasani sheria ni Kiingereza.
Kabatini hapakuwa na mkaguzi.
Nikasema, moyo ni nyumba ya vyumba vinne
na kila chumba kina mpangaji asiyelala.
Nikasema, vali ni mlango wa upande mmoja,
kama ule wa ofisi ya mkuu:
barua huingia, majibu hayatoki.

Basi, siku ya kwanza ya ububu wangu
nikakaa dawati la nyuma, ubavuni mwa Semhando
aliyekuwa akichonga penseli kwa wembe,
na yule mimi wa simuni akawekwa mezani
ndani ya sufuria, ili asikike.

Sikumjua.
Alikuwa na haraka ya mtu anayedaiwa.
Kila sentensi mbili tatu, "Mmeelewa?"
na pumzi haijarudi kifuani, "Haya, tuendelee."
Nikahesabu kwa vijiti pembeni mwa daftari:
mmeelewa, ishirini na nane.
Nafasi ya kujibu, hakuna.
Jogoo tu ndiye aliyewahi kunijibu.

Hapo akainuka Zawena,
Zawena ambaye tangu kidato cha kwanza
sikuwahi kuuona mkono wake juu ya bega.
Akaenda mpaka kwenye sufuria, akabonyeza.
Nikakatika katikati ya neno.
Akanirudisha nyuma. Akanisikiliza. Akanirudisha tena.
Mara ya nne Semhando akaacha wembe,
akasema "Aaah!" ndefu,
kama aliyeona mia tano kwenye suruali ya zamani.

Nikamwandikia Zawena: Mbona hukuwahi kuniuliza?
Yeye koo lake zima, lakini kwa adabu
akachukua kalamu, akajibu chini yake:
Mwalimu, wewe huna kitufe.

Usiku ule sikulala vizuri.
Niliwaza wote walionisimamisha nisijue:
mama yake Zawena, pale Makorora,
anayenifungulia huku akikaanga mihogo,
na sasa, wananiambia, anawagombeza wateja
kwa chumvi, kwa niaba ya figo zao.
Aliachia darasa la tano. Hajawahi kuniona.
Ananizima mafuta yanapochemka,
ananiwasha yakitulia,
na mimi namngoja, mimi nisiyewahi kumngoja mtu.

Wiki ya saba nikarudi na sauti nusu,
yenye mchanga ndani yake.
Nikasema sentensi moja juu ya mapafu.
Nikafunga mdomo.
Nikahesabu moyoni. Moja. Mbili.
Chaki ikaloa kiganjani.
Nje, muuza kahawa akagonga vikombe akapita,
akaenda zake mpaka barabara ya kumi na nne.
Sita. Saba. Kimya kile kilikuwa kizito
kuliko kelele zote nilizowahi kuzishinda.

Tisa. Mkono ukainuka:
anaomba ruhusa ya kwenda msalani.
Nikamruhusu. Sikusema "Haya, tuendelee."
Nikaanza kuhesabu upya,
na nilipofika nne,
ukainuka mkono wa pili.