Huenda

Picha ilipigwa saa moja na robo asubuhi,
jua bado limelalia ubavu,
kila bua la mtama linaburura kivuli chake.
Kutoka juu, konde la Bi Mize Shaame, Kiuyu,
ni mkeka uliokwisha rangi:
kijani, kijani, halafu ukili mmoja umepauka,
umekwenda sawasawa hatua thelathini
ukakata kona.

Kona ndiyo iliyonikamata.
Maji hayakati kona namna ile.
Ng'ombe aendaye kunywa hujipinda njiani
kama aliyekumbuka jambo.
Kona ni ya mtu aliyesimama,
akapima kwa unyayo, akasema: hapa.

Nikaikuza picha mpaka ikavunjika vidonge vidonge,
nikairudisha.
Mwaka ule masika yalikatika mapema.
Mtama wenye dongo chini yake ulivumilia,
uliokanyaga jiwe ukaona kiu kwanza.
Ndiyo siri yote, haina uganga:
penye ukuta uliozikwa dongo ni jembamba,
penye shimo lililofukiwa dongo ni nene,
na mmea, usiojua kusoma,
huandika kina cha mizizi yake kwa rangi.

Bwana Khatib Ngwali, mkuu wetu pale Wete,
aliinama na kikombe cha chai mkononi.
"Zizi la mbuzi," alisema. "Au mtaro wa bomba
la maji yasiyowahi kuletwa.
Usiandike mji. Andika huenda."

Nikaandika.
Huenda msingi. Umri haujulikani.
Huenda kabla ya msikiti wa kwanza,
kabla ya yeyote kulitia wino jina la kisiwa hiki.
Safu ya mwisho nikaiacha wazi.

Kiuyu nilikwenda na karatasi imekunjwa mara nne.
Mtama ulikwishavunwa. Bi Mize anapura choroko, hakuacha.
Nikamtandazia picha juu ya jamvi.
Akaigeuza kichwa chini miguu juu,
akatafuta paa lake, akalipata,
akatafuta choo chake, akakipata, akacheka.
Kisha kidole chenye vumbi la maganda
kikatua kwenye ukili uliopauka,
kikaufuata, taratibu, mpaka kwenye kona,
kikasimama pale pale niliposimama mimi.

"Hapa," alisema, "marehemu Faki kanisema miaka kumi na tisa.
Kila mavuno. Mize, hapa hukupalilia.
Mize, hapa ulipanda unasinzia.
Nikatia samadi. Nikatia majivu.
Nikamwagia maji kwa ndoo, usiku, watu wasinione.
Mtama ukanifika magotini tu, umeninunia."

Akaifuta picha kwa kiganja.
"Chini mna jiwe?"

"Huenda," nikasema.

"Kwa hivyo si mie?"

Sikuwa na sepetu, sikuwa na kibali,
sikuwa na kigae hata kimoja cha chungu.
Nilikuwa na picha moja na mvua moja iliyokatika,
na neno nililofunzwa kulibeba kama yai.

"Si wewe, Bi Mize."

Akanyanyuka, akajikung'uta, akaingia kondeni peku,
kati ya visiki vya mtama.
Karatasi hakuitazama tena. Alikwenda na mstari wenyewe,
hatua kwa hatua, kama mtu aliyerudi kwake usiku
asiyehitaji taa.
Penye kona akapiga kisigino mara mbili, hodi.
"Haya Faki," aliliambia dongo,
"huko uliko, mtafute mwenye ukuta,
ukamseme yeye."

Jedwalini bado limekaa huenda.
Masika ya safari hii yamekuja yakashiba.
Juzi tumepiga picha nyingine, saa ile ile:
konde zima kijani, toka mpaka hadi mpaka,
na kutoka juu
hakuna kitu.