Uzi wa Bidzina

Kwetu Imereti kijana hapandi mjozi.
Wanasema: siku shina litakaponenepa kama shingo yako,
utazikwa.
Basi mijozi ya bonde hili imepandwa na kunguru,
wafukiao kokwa wakati wa vuli, kisha wakasahau,
au na wazee, ambao hawana la kuhofia
ila kikohozi na bei ya kuni.

Baba mkwe wangu, Bidzina, aliogopa hadi miaka sabini.
Alinunua jozi kwa kilo, soko la Zestaponi,
akirudi analaani wachuuzi:
"Zimekauka! Ukizitikisa zinagonga kama meno ya bandia!"
Hata hivyo hakushika koleo.

Kisha akazaliwa Lamzira, binti yangu,
mwezi wa Machi, matope hadi magotini,
na mzee akatoka nje bila kofia
akafukia kokwa tatu kando ya zizi, zimelazwa ubavu.
Panya walikula mbili.
Ya tatu ikatoa jani jekundu, laini kama sikio la mtoto,
lenye harufu ya limau na dawa ya viatu.

Tangu hapo, kila Pasaka alichukua uzi wa katani uliotiwa nta,
akauzungusha shingoni, akafunga fundo,
akauzungusha mtini, akafunga fundo,
akaja jikoni kuonyesha umbali wa mafundo yale
kama mtu aonyeshaye samaki aliyemponyoka.
"Bado shubiri nzima! Nitahudhuria matanga yenu nyote!"

Mti wenyewe haukuwa na habari.
Ulikunywa maji, ukaua nyanya zangu zote
(mjozi hautaki jirani),
mwaka wa saba ukazaa kumi na nne.
Kumi na nne! Tulizihesabu kama mahari.
Lamzira alimenya maganda mabichi kwa kucha,
akaenda shule mikono myeusi mwezi mzima.
Mwalimu alimpeleka bombani: sabuni, majivu, ndimu.
Rangi ile hutoka inapotaka.

Mimi nikazitwanga kwenye kinu cha jiwe:
jozi, kitunguu saumu, giligilani, siki,
na unga wa yale maua ya manjano, zafarani yetu.
Unatwanga mpaka mafuta yajitokeze yenyewe,
kama jasho juu ya mdomo.
Nikapaka bilinganya za kukaanga, nikazikunja.
Mzee alikula vipande vitatu, amefumba macho,
akasema chumvi imezidi.
Akaomba cha nne.

Mwaka wa kumi na mbili ugonjwa ulimwingia kooni.
Pasaka ile alizungusha uzi, na mafundo yakakutana.
Alicheka, akatuita wote tuone.
Lakini mimi niliyemfulia mashati nilijua:
mti haukukimbia.
Shingo ndiyo iliyotoka nje kuulaki.

Alivuta hadi vuli. Mjozi ulitoa magunia mawili.
Pale kitandani alizipasua mbili mbili kiganjani,
moja dhidi ya ndugu yake; dhaifu ndiyo huachia.
Ndani, nusu na nusu zimekumbatiana,
ndiyo maana jozi huitwa jozi.
Nusu alimpa Lamzira.
Nusu aliiacha juu ya shuka, hakuwa na hamu.
"Uzi huo msinizike nao," alisema. "Ni mzima, una nta."

Leo tumekamua zabibu.
Maji yake yanatokota na unga kwenye sufuria kubwa,
yanakuwa mazito, yanarusha matone, yanatuunguza vidole.
Lamzira ametia uzi kwenye sindano
na anatunga jozi, nusu baada ya nusu.
Amekwama. "Mama, kuna fundo. Nilifungue?"
Nimemwambia alipite.
Tutachovya, tutaanika juu ya jiko,
tutachovya tena, hadi kila kamba inenepe kama mshumaa.

Ikifika Krismasi atauma,
na jino lake, katikati ya utamu,
litakuta Pasaka mojawapo.