Kupanda Riat Sebuleni

Baiskeli imebanwa kwenye chuma cha fundi Osewe wa Kibuye;
gurudumu linazunguka, haliendi kokote.
Migosi, saa kumi na moja alfajiri.
Goti langu lina skrubu mbili.

Programu ya kwanza ilinipa milima ya theluji
na kocha anayefoka kama tunadaiana.
Nikaifuta.
Ya pili iliniuliza umri, uzito, mapigo ya moyo,
ikanipima kama gunia la mahindi,
kisha ikataka dola kumi na tano kila mwezi:
maziwa ya mtoto, wiki tatu.

Hii ya tatu ni ya bure, na sura haina.
Mstari mweupe, nukta nyekundu, basi.
Lakini ilikubali njia yangu ya zamani,
ile niliyorekodi Machi, kabla ya lori la miwa:
Kondele mpaka juu Riat,
kila tuta, kila kona,
hata pale niliposimama kununua ndizi.

Sasa nukta ni mbili.
Ya kijivu ni mimi wa Machi.
Anapanda bila kugeuka, miguu yote mizima,
hajui.
Nakaza. Jasho latona kwenye leso niliyotandika.
Chini, Mama Nekesa anagonga dari kwa fagio.

Simfikii,
mpaka pale kwenye ndizi.
Anasimama. Dakika mbili tuko bega kwa bega,
mimi nahema, yeye anachagua.

Ongeza nyingine, namwambia.
Omba punguzo. Ulizia watoto wa muuzaji.
Haraka ya nini?