Uyoga

Nesi Foibe alisema yoga, mimi nikasikia uyoga,
na mama wa pembeni yangu kwenye benchi, pale Nkuhungu,
akacheka mpaka akashika kiuno:
"Uyoga gani Disemba hii? Mvua yenyewe imekuja siku mbili ikakimbia."

Tulikuwa tisa. Mikeka sita.
Wiki ya thelathini na sita, ya thelathini na nane,
mmoja amepitiliza, kuhesabu ameacha,
ukimuuliza anasema tu: bado.
Mlangoni tumepanga kandambili za waume zetu,
ndizo pekee zinazotuingia.

Pigeni magoti, akasema. Viganja chini.
Mgongo upande. Mgongo ushuke.
Ukutani pana picha ya mwanamke mwembamba
na paka anayejinyoosha kando yake.
Sisi hatukuona paka.
Tuliona dekio na ndoo.
Mimi niliona jiwe la kusagia uwele kule Mvumi,
mama juu yake, mbele, nyuma, mbele,
mimi mgongoni, mdogo wangu tumboni,
na hakuna aliyemhesabia pumzi.

Vuta: moja, mbili, tatu, nne.
Toa mpaka sita.
Yangu iliishia tatu.
Huko juu kumejaa, nesi,
kuna mtu kaegemeza miguu kwenye mbavu.

Mimi ni fundi cherehani.
Tangu Oktoba cherehani inanikimbia:
kila wiki tumbo linarudisha kiti nyuma kidole kimoja,
sasa mikono haifiki kwenye sindano,
na sare za Januari zimelala mezani,
sketi kumi na nne za bluu, hazina pindo.
Hilo watu wanalielewa. Nikilia, nasema ni sketi.
Wananiambia uchungu wa mwana aujuaye mzazi.
Sawa.
Na uchungu wa kabla ya uchungu,
saa tisa usiku, umeme umekatika, mume anakoroma,
macho makavu kama mbuga ya Bahi mwezi wa tisa,
huo anaujua nani?

Nesi Foibe akatulaza ubavu wa kushoto,
kanga zimekunjwa katikati ya magoti.
Anayetaka kusema aseme, akasema,
asiyetaka apumue.
Kimya. Bati likalia kwa jua.

Nikasema, nikiutazama ukuta:
kujifungua siogopi.
Naogopa watanipa mtoto nimtazame
nisisikie kitu.
Mama mkwe ameshanunua beseni, jina ameshachagua,
kila anayekuja amebeba furaha yake mkononi,
mwenye shughuli ndiye sina.

Hakunipa methali. Hakuniambia nisali.
Aliweka kiganja chini ya kiuno, pale panapouma,
akakiacha.
Na kutoka mkeka wa tatu yule aliyepitiliza,
Sechelela, jina lenye shangwe ndani yake,
akasema kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi:
"Hata mimi."
Halafu mwingine akapenga kamasi.

Usiku ule ardhi ilitetemeka kidogo,
Dodoma ina tabia hiyo,
vikombe vikasalimiana kabatini.
Mume akageuka, akaendelea na safari yake.
Mimi nilikuwa sakafuni tayari, magoti na viganja,
niko kwenye tano.
Naye ndani akapiga teke, akarudia,
sikujua nani kamshtua nani.
Nikamwambia: umesikia?
Miezi minane na nusu,
na hilo ndilo neno la kwanza nililomwambia
lisilokuwa lawama.

Sisemi nilimpenda hapo hapo.
Nilimuuliza, nikasubiri jibu. Basi.

Alfajiri ilinyesha, ikanyesha kweli.
Nyuma ya choo, penye kichuguu,
uyoga umetoka bila kumwamsha mtu,
umeuinua udongo kwa kichwa
na udongo ungali juu yake, kofia iliyokaa upande.
Sikuuchuma. Kuinama ni kazi.

Nimeigeuza cherehani, nimekaa ubavuubavu
kama abiria wa kike kwenye baiskeli.
Mshono unapinda kidogo.
Sketi zimebaki kumi na tatu.